Shosho, Githeri Yako Haikukuua

Mpendwa Shosho, nyanya yangu,

Leo nimemkatalia Mjomba, mbele ya watu. Mimi, ambaye wageni wakija hapa Ruiru najificha jikoni.

Ulipoletwa hapa kwake ukiumwa, kila mtu alikuja na mkate mweupe na soda, kwa sababu kwetu kumpelekea mgonjwa githeri ni kama kumtukana. Ulikuwa unaufinya ule mkate na kuninong'onezea, "Hii ni pamba, Wanjiku. Wanataka kunijaza kama mto." Ukaomba githeri yako ya maharagwe na mahindi yasiyokobolewa, pamoja na terere, ule mchicha wa porini. Shangazi, mke wa Mjomba, akasema chakula cha shida hakiingii chumba cha mgonjwa.

Kisha, tulipokuzika Ngoliba, nikamsikia Shangazi akiwaambia waombolezaji kwamba ni hayo maganda ya mahindi yaliyokukata utumbo mpaka ukapata saratani. Watu wakatikisa vichwa. Kana kwamba ulijiua kwa umaskini wako.

Nilimuuliza mwalimu wetu wa biolojia, baada ya wenzangu kutoka darasani. Alisema nyuzinyuzi za mimea hatuzisagi sisi. Vijidudu vya utumboni ndivyo huzila na kutoa asidi ndogo, na asidi hizo huenda zikagusa protini zinazoamuru seli igawanyike au iache. Nyuzinyuzi nyingine, kama zile za maganda ya machungwa, huenda zikanata kwenye protini ambazo saratani hutumia kujishikiza mwilini. Alirudia "huenda" mara nyingi. Bado wanachunguza.

Kwa hiyo sitasema githeri ingekuponya. Sijui. Lakini Shangazi pia hajui, na yeye hasemi "huenda".

Leo Mjomba ametangaza mezani, mbele ya wageni, kwamba Jumatatu naanza kusomea kupiga chapa Thika. Nikasema sitaki, nangojea matokeo, nataka chuo kikuu, nikasomee hizo protini.

"Wewe? Hata salamu tunakuvuta kwa koleo! Ati uende chuo kikuu kusomea maganda?"

Shangazi akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Ndiyo, Mjomba. Maganda."

Mjomba akasema asiyetaka msaada wake arudi kwao. Nimefunga nguo zangu. Kesho narudi kwa Mama, Ngoliba. Matokeo yakiwa mabaya nitarudia mtihani. Yakiwa mazuri, nitakuja kukuambia pale kaburini, kwa sauti, Shangazi akiwepo au asiwepo.

Pumzika, Shosho.

Mimi mjukuu wako, niliyepewa jina lako