Zamu ya Mchana

Berea, Johannesburg
Alhamisi, 17 Julai

Mdogo wangu mpendwa Keneuoe,

Nakusalimu, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Tshokolo, na huyo binti yenu ambaye naambiwa kila akiamka anataka kuvaa viatu vyako. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto linalonikumbusha umri wangu kila nikishuka ngazi, na baridi ya mwaka huu ambayo haina adabu. Najua huko Thaba Nchu ni mbaya zaidi, upepo ule wa mlimani unapita hata kwenye tundu la ufunguo. Jifunike blanketi lako zuri, usilitunze kwa ajili ya wageni.

Barua yako niliipata juzi Jumanne. Niliisoma nimesimama palepale kwenye masanduku ya barua, kisha nikapanda nayo juu, nikaisoma tena nimekaa kitandani bila kuvua koti. Nitaijibu yote, hata lile ombi la mwisho. Ila niache kwanza nikupe habari za huku, maana umesema unazitamani na huna mtu wa kumwuliza.

Klabuni bado tupo. Siku hizi nafanya zamu ya mchana tu, kuanzia saa tano mpaka saa kumi. Mwezi wa pili bosi aliniita ofisini, akazunguka maneno kama mtu anayetafuta pa kuegesha gari, mwishowe akasema kwamba wateja wa usiku wanataka wasichana wa miaka ishirini. Nikamwambia nimeelewa, asijisumbue. Nilidhani nikifika nyumbani nitalia. Nilifika, nikasonga ugali, nikala na spinachi, nikalala saa tatu kama watu wengine. Asubuhi nikaamka na mwanga dirishani, nikagundua kwamba kwa miaka kumi na minne sikuwahi kuliona jua likichomoza nikiwa nimeshiba usingizi. Tangu siku hiyo sijamdai bosi zamu ya usiku.

Wateja wa mchana ni watu wa bima, wastaafu, na madereva wa malori wanaosubiri mizigo. Wanaagiza soseji na chipsi, wanatutazama kama mtu anavyotazama televisheni ya hospitali. Yupo mmoja, Mzee Phakoe, alikuwa mgodini miaka thelathini, sasa ni mgane. Huja kila Jumatano. Akiingia huvua kofia kama anaingia kanisani. Huomba nimchezee wimbo mmoja, halafu nivae gauni langu la kujifunika nikae naye, anisimulie habari za marehemu mkewe: alivyokuwa hajui kupiga mluzi na alivyokuwa akijaribu kila siku, alivyomficha paka ndani ya nyumba ya kampuni. Aliwahi kuniuliza kama hadithi zake zinanichosha. Nikamwambia hapana, na sikuwa namwambia uongo wa kazini. Wewe unajua. Nguo huisha kwa dakika tatu. Saa nzima inayobaki ni ya kusikiliza, na hiyo ndiyo inayotutoa jasho.

Sitaki udhani kwamba kila siku ni hivyo. Mwezi uliopita kijana mmoja aliyekaa karibu na jukwaa alinyoosha kidole kwenye kovu la tumbo langu, akawaambia wenzake, “Jamani, mwacheni bibi akapumzike.” Wakacheka. Nikaumaliza wimbo wangu mpaka mwisho, na tabasamu halikutoka usoni. Nilipofika chumba cha nyuma nikavaa gauni, nikafunga mkanda. Na lile tabasamu unalijua, haliondoki ukiliambia liondoke. Jioni hiyo nililikuta kwenye kioo cha duka nikinunua mkate, limeganda hapo, la mtu mwingine. Halafu kuna siku ambazo hakuna hata mmoja anayeinua macho kutoka kwenye simu yake. Niambie wewe kwa nini hizo ndizo zinazouma zaidi. Uko uchi mbele ya watu kumi na moja na hakuna aliyekuona.

Tumepata binti mpya anaitwa Relebohile, ana miaka ishirini na miwili, katokea Welkom. Siku yake ya kwanza alishuka jukwaani akajifungia chooni. Nikagonga. Akaniambia kupitia mlangoni kwamba anajisikia kama ngozi yake imeazimwa na watu wasiorudisha. Nikakaa sakafuni na michuchumio yangu miguuni, nikamsimulia habari zako: wiki yako ya kwanza ulivyokuwa ukihesabu taa za darini, na ulivyotufundisha kwamba mtu achague jina lake la jukwaani mwenyewe, ili wakimtukana wamtukane huyo mwingine. Akafungua mlango. Akaniuliza mimi nilizoea lini. Nikamwambia sijazoea, nimejua tu pa kuiacha kazi. Nikifika nyumbani naoga maji ya moto, napaka miguu vaselini, navaa soksi nene, nakaa saa nzima bila jicho la mtu yeyote juu yangu. Simu ikilia, ilie.

Akaniuliza kama kazi naipenda. Nikamwambia kuna wakati, ukiwa umening’inia kichwa chini kwenye ile nguzo, umeshikilia mwili wote kwa goti moja, chumba kizima kimepinduka na wewe ndiye uliye sawa. Nina miaka thelathini na tisa na bado naweza. Hilo nalipenda, na sijawahi kumficha mtu. Akasema nina wazimu, lakini alikuwa anacheka, na kesho yake akaja.

Kwa hiyo dada yako nimeridhika. Mama yangu huko Ficksburg ilimchukua miaka miwili hata kunitazama usoni. Sasa nikienda hanihukumu tena wala hanisifu. Huuliza tu kama humo ndani tunamofanyia kazi kuna hita.

Sasa nije kwenye barua yako.

Umeniandikia kwamba akina mama wa maombi ya Alhamisi kanisani walikuchagua uwe kiongozi wao, ukakataa, ukamwambia Tshokolo kwamba umechoka. Umeandika kwamba gari lenye namba za huku Johannesburg likisimama mtaani kwenu unavuta pazia. Na kwamba kwenye harusi ya binamu yake Tshokolo watu wote walicheza, wewe ukasingizia mgongo, kwa kuogopa kiuno chako kisije kikakusema. Hapo ndipo nilipoweka barua chini. Keneuoe niliyemjua mimi alikuwa akicheza hata akisubiri chai ichemke.

Kisha ukaandika, “Tshokolo akijua, ataniacha siku hiyohiyo.” Ukaniomba nikuapie mambo mawili: kwamba picha yako imeondolewa kwenye ile korido ya klabu ya kuingilia jikoni, na kwamba hakuna mtu wa klabu atakayemwambia mume wako.

La picha nakuapia. Niliiondoa kwa mkono wangu mwenyewe zamani.

La pili siwezi kukuapia, mdogo wangu. Kuna jambo nimekuficha miaka mitano, na leo nalisema.

Unakumbuka wiki mbili kabla ya harusi yenu ulikuwa umekwenda nyumbani kwa maandalizi. Jumatatu hiyo klabu ilikuwa imefungwa, mimi nikaenda kufanya mazoezi peke yangu. Jokofu kubwa la baa lilikuwa limeharibika na bosi alikuwa ameita fundi. Sikujua ni nani. Nikasikia hatua za mtu anapita koridoni, halafu hatua zikasimama. Nikachungulia, nikamkuta kijana na mfuko wa vifaa begani, anaitazama picha yako. Ulikuwa umevaa ile wigi nyekundu, na chini yako pameandikwa Almasi, jina lako la jukwaani. Wigi ilibadilisha kila kitu isipokuwa mwanya wa meno yako. Yeye hakuwa amewahi kuniona, lakini mimi ulikuwa umenionyesha picha yake mara ngapi, nikamtambua: ni Tshokolo wako, siku hizo bado akifanya kazi huku.

Akanisalimia kwa heshima, akauliza kama huyo wa nywele nyekundu anafanya kazi hapo. Nikamwambia hizo picha ni za zamani, ni wasichana wa Durban. Akatikisa kichwa.

“Huyu ni mchumba wangu, dada. Namjua hata angevaa gunia. Nakuomba usinidanganye.”

Keneuoe, mimi nilikuwa nimedanganya wanaume kila siku kwa miaka tisa: jina, umri, nilikozaliwa, kama nimewakumbuka. Siku hiyo uongo ulikataa kutoka. Nikasema ndiyo, ni yeye.

Akakaa juu ya kreti la bia. Akatoa spana akaifuta kwa kitambaa, na ilikuwa safi. Nilisubiri matusi. Nilikuwa hata nimeshajiandaa kumjibu. Akauliza kama kuna mtu aliyekulazimisha, nikasema hakuna. Akauliza kama kuna anayekupiga, nikasema hakuna. Halafu akauliza swali ambalo sijawahi kulisikia kwa mwanamume mwingine. Aliuliza kama ukiwa pale huwa unacheka.

Nikamwambia ukweli. Kwamba jukwaani unatabasamu kama sisi sote, na hilo lisimdanganye. Kwamba chumba cha nyuma unacheka mpaka unatuchelewesha wote, na bosi anakuja kugonga.

Akasema, “Basi. Nilidhani ni mimi tu ninayemchekesha. Nimeona wivu kidogo.”

Kisha akainuka akaenda kutengeneza lile jokofu. Alikaa nalo saa tatu. Nilikuwa nasikia nyundo yake tu, mazoezi yalinishinda. Alipomaliza alinawa mikono, akanipita pale mlangoni, akaniomba nisikwambie kwamba alifika. Alisema, “Akitaka ataniambia mwenyewe. Asipotaka, ni lake.”

Zile siku kumi na nne sikulala. Nilikuwa nashona upindo wa gauni lako la harusi nikijua huenda halitavaliwa, na kila simu yako ikilia nilidhani ndiyo habari yenyewe. Hakuna kilichokuja. Siku ya harusi ulitutambulisha, naye akanipa mkono kama hatujawahi kuonana, akasema amefurahi kunifahamu, shemeji. Baadaye ulinicheka, ukauliza nimempa nini mume wako hata anijazie sahani nyama kuliko wajomba. Nilichompa ni ule ukweli wa koridoni.

Nilipaswa kukwambia. Nilinyamaza kwa sababu aliniomba, lakini tusidanganyane, nilinyamaza pia kwa woga. Nilijua utaniuliza nani alinipa ruhusa ya kulitoa jina lako. Sisi kule nyuma tulikuwa na sheria moja tu, kwamba jina la mwenzio hulitaji kwa mtu wa nje, na mimi mkubwa wenu ndiye niliyeivunja, tena koridoni, kwa mwanamume mwenye spana. Kwamba alikuwa mtu mwema ni bahati yako. Si werevu wangu. Angeweza kuwa mwingine. Kwa hilo nakuomba msamaha, na usinipe haraka kama bado unaumia.

Jana nilimpigia Tshokolo simu karakanani kwake Bloemfontein. Nilimsomea ule mstari mmoja tu, kwamba akijua atakuacha. Kisha akaniambia kwamba amejaribu kukwambia mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa usiku ule mlipotoka kwenye harusi ya binamu yake, uliposema mgongo, naye akajua si mgongo. Alikuwa amekaa kitandani anafungua kamba za viatu, sentensi ya kwanza iko mdomoni, akaogopa utadhani kwamba miaka yote hii amelala pembeni yako akikuhukumu. Akafungua na kiatu cha pili, akazima taa.

Nikamwambia basi mimi nitaandika. Akasema, “Andika wewe, shemeji. Mimi nikifungua mdomo nitaharibu.” Akaniomba nikuandikie jambo moja kwa maneno yake: kwamba yeye hajakusamehe, kwa sababu ameitafuta miaka mitano hajaiona hatia ya kusamehe.

Kesho nitampa dereva wa basi la Bloemfontein barua hii, na Tshokolo ataipokea kituoni. Kwa hiyo labda umejiuliza kwa nini leo amekuletea bahasha yeye mwenyewe, na kwa nini amekukabidhi kisha akamchukua mtoto akatoka nje na baridi hii. Yuko uani. Ameniambia atajifanya anarekebisha lango. Lango halina tatizo lolote. Anangoja umalize kusoma.

Msalimie mama mkwe, na mpe mtoto busu langu moja kwenye kila shavu. Ukinikasirikia, niandikie ukiwa umekasirika hivyohivyo. Ukiwa huna la kusema, nitumie hata karatasi tupu yenye jina lako, nitajua bado tu ndugu. Na hao akina mama wa Alhamisi, kama bado hawajapata mwingine, warudie.

Sasa kunja karatasi hii uende dirishani ukamwite, kabla hajaharibu lango zima.

Ni mimi dada yako anayekupenda,

Nthabeleng