Kukaa na Salima

Kibiti,
10 Mei 2026

Dada yangu Maimuna,

Assalamu alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji, na lile goti lililokusumbua mwezi wote wa Ramadhani liwe limepoa. Sisi hapa hatujambo. Baba watoto, Abdulrazaq, ana kikohozi cha vumbi la korosho, lakini anakula na kugomba kama siku zote, kwa hiyo simhesabu kuwa mgonjwa. Watoto wanakwenda shule. Masika imetunyeshea vya kutosha bila kutufukuza, jambo ambalo mwaka juzi hatukulipata.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Nimepiga. Kila nikimtaja baba simu inakatika, na mtandao wa Nachingwea hauna ubaya huo kwa mtu mwingine yeyote. Karatasi haina kitufe cha kukatia. Ukichoka nayo ikunje, uiweke, kesho uifungue tena.

Lakini nina ombi moja kabla hujaikunja. Shemeji ameniambia habari ya yule mtoto Shamsia, wa marehemu mdogo wake, kwamba ukoo umeona alelewe kwenu na wewe umekataa. Ulipoulizwa sababu ukasema mikono yako haifai kupewa mtoto. Ameniambia pia kwamba wanataka neno lako la mwisho kabla ya Idi ya kuchinja, na ukikataa mtoto atapelekwa kwa watu wa mbali wasiomjua. Naomba usiseme hilo neno kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Nianze na mimi, maana kuna mambo yangu huyajui.

Unakumbuka mwaka juzi maji yalipowatoa watu wa bondeni, wengine wakaletwa hapa Kibiti wakalala madarasani. Akina mama wa mtaa wetu tulikwenda kuwapikia, na mama mkwe wangu, Bi Subira, ndiye aliyeshika mwiko. Mama mmoja wa kutoka delta alinipa mwanawe nimshike wakati anakwenda kuandikisha jina. Mvua ikaanza kupiga bati. Sikumbuki nilivyofika juu ya dawati. Nakumbuka nimesimama pale na mtoto wa watu kifuani, mwenyewe amerudi ananyoosha mikono, na mimi simpi. Wakanibembeleza, wakanifokea, wakasema huyu kapandwa. Nilichokuwa najua ni kimoja tu, kwamba chini hakufai.

Akaja muuguzi anayeitwa Habiba. Hakuninyang'anya mtoto. Alivua viatu, akapanda dawatini, akakaa pembeni yangu, akaniuliza nasikia nini. Nikamwambia maji. Akasema nisikilize vizuri, nitaje kimoja kimoja. Nikataja bati. Nikataja mwiko wa Bi Subira kwenye sufuria, mtu anayekohoa, mtoto anavyohema. Nilipofika kwenye mtoto anavyohema nikakaa chini mwenyewe, nikampa mama yake.

Tangu hapo nimekuwa nikienda kwa Habiba. Alichonifundisha hakina siri wala dawa. Nikishaswali alfajiri nakaa barazani, mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja, macho nimeyainamisha. Nafuata pumzi inavyoingia na inavyotoka. Likija wazo naliona limekuja, silifukuzi na siliandami, narudi kwenye pumzi. Ni hivyo tu. Sikuuzii kitu, dada. Miezi ya mwanzo ilikuwa mibaya. Nikifumba macho naliona dungu, nainuka natapika kwenye migomba. Habiba akaniambia nisifumbe basi, nitazame sakafu, na likizidi niache, niinuke nifagie. Nikawa nafagia sana. Uwanja wetu ulikuwa msafi kuliko wa msikiti.

Bi Subira aliponiona nimekaa kimya kila alfajiri, bila tasbihi mkononi, akamwambia mwanawe kwamba mke wako ana ruhani wa baharini, huyu alimfuata tangu kwao Kiongoroni, huko delta. Nikitoka kazini siku moja nakuta fundi wa pepo ameketi sebuleni, chetezo kinafuka, na majirani wamejaa. Nilikuwa nimechoka, nikakaa nifukizwe. Fundi akamuuliza pepo anataka nini, mbuzi au kitambaa chekundu. Nikajibu kwamba anataka watu wasimsemeshe asubuhi. Abdulrazaq akatoka nje akicheka. Fundi hakucheka, alisema huyo ni pepo wa watu wazima na akaomba nauli. Mpaka leo Bi Subira akinikuta barazani ananyata, na akipita jirani anamwambia, “Usimwamkue mgeni wetu.” Sijamsahihisha. Ananilindia utulivu kuliko mtu yeyote.

Basi pumzi nikazizoea, nikawa naweza kukaa na kile kilichotupata bila kukimbia. Nitakiandika hapa ingawa unakijua, kwa sababu wewe na mimi hatujawahi kukitamka, na nataka uone kama ninachokumbuka ndicho.

Ilikuwa mwaka wa el-nino. Mpunga ulikuwa umetoa masuke. Baba alituweka kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo shambani, sisi watatu, kuamia ndege, mama yuko kijijini na homa. Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja, mimi saba, mdogo wetu Salima hajaacha kulilia kubebwa. Kazi yako ya jioni ilikuwa kuivuta ngazi juu, kwa ajili ya simba na nguruwe. Tulipoamka maji yalikuwa chini yetu, ya kifundo cha mguu tu, na ngazi haipo. Ulitazama juu, ukatazama chini, ukazunguka. Nguzo zilikuwa ndefu kwa sababu baba alipenda dungu refu. Ungeweza kuruka peke yako. Hukuruka. Uliita watu mpaka sauti ikakauka, na maji ya mto yaliyotoka juu yakakutana na bamvua, maji makuu ya bahari, yakapanda. Dungu lililala upande. Wakata mikoko walitutoa wewe na mimi. Salima walimpata baadaye.

Baba alisema mbele ya watu kwamba hukuivuta ngazi na maji yameichukua. Wewe ulikuwa umelala mapema jioni ile, umechoka, hukumbuki kama uliivuta au hukuivuta, kwa hiyo uliamini. Alikupiga kwa hilo mbele ya wafiwa. Watoto wa Kiongoroni wakakuita Maimuna Ngazi mpaka ukaondoka. Hukurudi hata kumzika mama.

Sasa nakuja kwa baba. Mwezi wa pili binamu yetu Khamisi alimleta hapa kutazamwa macho. Sikutaka. Nilimwambia Abdulrazaq kwamba kuna hospitali na kuna misikiti, akalale huko. Akaniambia nifanye nitakavyo, ila yeye hatamwambia mzee toka. Nikampa chumba cha uani. Nilimpa chakula, maji ya kuoga na dawa ya matone, na nikawa simsemeshi zaidi ya hapo. Macho yamekwisha, dada. Anaona mwanga na vivuli. Amekuwa mdogo, kanzu inamvaa yeye.

Akishaswali alikuwa anapapasa ukuta mpaka barazani, anakaa upande wa pili wa mlango. Nilitaka kuinuka siku ya kwanza. Nikaona hasira imekuja, nikaiona ilivyokaa shingoni na mikononi, nikarudi kwenye pumzi. Kesho yake akaja tena. Ikawa ndiyo desturi yetu, yeye huku na mimi kule, na Bi Subira ananyata katikati na chai.

Asubuhi moja mvua kubwa ilikuwa inapiga bati. Akaniuliza nasoma nini kila siku, mbona hasikii sauti.

Nikamwambia, “Sisomi, baba. Nakaa.”

“Unakaa na nini?”

“Leo nakaa na Salima.”

Mvua ikanyesha mpaka ikapungua. Nilidhani amesinzia. Kisha akasema, bila kugeuza uso, “Ngazi niliichukua mimi.”

Nakuandikia alivyosema, sijaongeza. Alisema jioni ile alipita mtoni na mtumbwi kuwatazama nguruwe. Akaikuta ngazi iko chini, imefungwa kwenye nguzo, na sisi tumelala. Akasema moyoni, hawa leo nitawafunza. Akaifungua, akaitia mtumbwini, akaenda nayo kijijini, ili tukiamka tujue kuishi juu bila ngazi, tulie kidogo, halafu aje atushushe na fimbo. Alikusudia kurudi alfajiri. Alilala, akapitiwa. Alipoamka maji yalikuwa yameshafika mitaani.

Nilijua kwamba nikitaka naweza kumsukuma kizee huyu kutoka barazani, na yeye hataona mkono unakotoka. Nilibaki na pumzi. Sisemi nilikuwa mwema. Nasema sikumsukuma, na niliweza kumuuliza maswali, jambo ambalo mwaka juzi nisingeliweza.

Nilimuuliza ngazi aliiweka wapi. Akasema aliikata kuni wiki ile ile ya msiba. Nilimuuliza nani alijua. Akasema hakumwambia mtu. Nilimuuliza kama mama alijua. Akasema hakumwambia. Kama mama aliiona mtumbwini akanyamaza, sina njia ya kuthibitisha, kwa hiyo naliacha hapo. Nilimuuliza kwa nini alikutupia wewe. Akasema walipomletea Salima amefunikwa, watu wote walimtazama yeye, na wewe ulikuwa umesimama karibu.

Hiyo ndiyo sababu, dada. Ulikuwa umesimama karibu.

Soma hapa taratibu. Ni kweli ulilala na ngazi ilibaki chini. Ungeivuta tungekuwa nayo juu. Hukuivuta, na bado ingekuwa pale asubuhi, imefungwa kwenye nguzo, na maji ya kifundo cha mguu hayafungui kamba. Tungeshuka sote watatu, wewe umembeba Salima mgongoni kama ulivyombeba kila siku, tungefika penye mwinuko kabla bamvua halijaingia. Kwa vyovyote vile ngazi ilikuwepo. Ilipotea kwa sababu mtu mzima aliichukua.

Na kingine nilichokiona mimi mwenyewe, sikuambiwa na mtu. Dungu lilipolala, Salima alikuwa mkono wako wa kushoto na mimi wa kulia. Hukumwachia. Gogo lililokuwa linaelea ndilo lililokupiga mkono, likamchomoa. Mkono wako wa kushoto haunyooki mpaka leo, na wewe unawaambia watu ulianguka na ndoo.

Sikuridhika na maneno ya barazani. Nilimwambia baba kwamba alikushtaki mbele ya watu, na mbele ya watu atakutoa hatiani. Alibembeleza kwamba ni mzee, ni aibu. Nilimwambia aibu hiyo umeibeba wewe ukiwa mtoto, yeye hatashindwa. Nikampigia Khamisi akaja. Baba alisema yote sebuleni, Abdulrazaq yupo, Bi Subira yupo, Khamisi yupo. Bi Subira, ambaye hanyamazi, alinyamaza, kisha akamwambia baba, “Mrisho, na chai yangu ukawa unakunywa.” Ijumaa iliyofuata Khamisi alimpeleka Kiongoroni, baba akayarudia yote msikitini baada ya swala, kisha Khamisi akamrudisha hapa kwangu. Khamisi anasema wengine walilia na wengine walitoka nje. Yule mzee wa wakata mikoko aliyetutoa majini bado yupo. Aliuliza kama wewe uko hai. Akaambiwa uko hai. Akasema alhamdulillah, akauliza tena.

Sikuombi umsamehe. Mimi mwenyewe, ukiniuliza kama nimemsamehe, sijui. Siku nyingine nampelekea uji na siku nyingine namwambia mwanangu ampelekee. Ninachojua ni kwamba nalala, na kwamba mvua ikipiga bati sasa naisikia kuwa ni mvua. Ukitaka kujifunza kukaa, Habiba amesema atakuelekeza kwa simu, na akasema uanze kidogo, na ukiona yamezidi uinuke ufagie.

Kuhusu Shamsia sikuamulii. Wewe ndiye utakayeamka naye. Lakini ukikataa, kataa kwa sababu ya goti, au nyumba ndogo, au kwa sababu hutaki. Usikatae kwa sababu ya mikono. Nimeishika hiyo mikono majini. Ndiyo iliyonifanya niwe hapa nakuandikia.

Abdulrazaq anakusalimu sana. Watoto wanakushika miguu, na mdogo anauliza kama Nachingwea kuna treni, nimemwambia hakuna, hakuniamini. Bi Subira anakusalimu na anasema ukija utalala chumbani kwake, hataki mjadala. Habiba anakusalimu ingawa hakujui. Khamisi na watu wa Kiongoroni wanakusalimu kwa jina lako lile alilokupa mama, hawakuongeza neno nyuma yake.

Baba yuko hapa mlangoni, anasikia kalamu inavyokwenda, na amenipa salamu zake nizitie. Nimekataa. Nimemwambia hizo akuletee mwenyewe, siku utakayomruhusu, kama utamruhusu.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanasiti