Vidole vya Baba Mbele ya Profesa

Harbin, China
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama shikamoo, maana najua amekaa hapo karibu yako, na wifi Neema ndiye anayewasomea. Wifi, soma polepole, na usiruke mahali ninapomsifia Baba hata akianza kuona haya. Habari za Mafinga? Goti la Mama linaendeleaje na baridi? Ile miche ya misonobari mliyopanda juu ya nyumba imeshika? Mimi ni mzima. Huku mto umeganda mpaka watu wanatembea juu yake, nami nimevaa soksi jozi tatu, lakini leo baridi siisikii. Baba, nimefaulu!

Kuna jambo niliwaficha, mnisamehe. Mwezi wa kumi na moja nilianguka mtihani wa mdomo wa historia ya tiba. Hapa chuoni ukianguka somo hilo mara mbili, safari ya udaktari inaishia hapo, unarudi kwenu. Kila mlipopiga simu nilisema masomo mazuri, kisha nikikata nalia.

Somo lenyewe ni namna Wamisri na Wachina wa maelfu ya miaka iliyopita walivyotibu watu. Nilikariri majina ya wafalme na tawala zao, kwa Kichina, mpaka nikawa nayaota. Profesa Wei, mama mmoja mfupi mwenye mvi, akaniuliza swali moja tu: "Mganga wa Misri ya kale ameletewa mjenzi aliyevunjika mkono. Anaanza na nini?" Mimi nikamtajia mfalme wa wakati huo. Akafunga faili. "Umeniambia nani alikuwa anatawala," akasema. "Mgonjwa bado analia."

Basi mwezi wa kwanza nikawa zamu wodi ya mifupa. Akaja mama mmoja muuza maandazi ya mvuke, ameteleza kwenye barafu akaangukia kiganja. Eksirei ikaonyesha mifupa mizima. Daktari wa zamu akamwandikia dawa ya maumivu aende zake. Mimi nikamwomba anyooshe kidole gumba juu, nikabonyeza kile kishimo kinachojitokeza chini yake, vile unavyowabonyeza wewe waliovunjika ukiwa umefumba macho. Mama wa watu aliruka! Nikasema, "Daktari, huyu amevunjika." Akacheka. "Unaona kuliko mashine?" Sikuondoka pale, Baba. Nikamwambia, "Naomba apimwe kwa kile kipimo kikubwa kinachoona zaidi ya eksirei. Nikikosea, niandikie barua ya onyo." Wakampima. Kamfupa kadogo ka kifundo cha mkono kalikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kangeachwa, mkono ule usingekanda unga tena. Daktari, mbele ya wenzangu wote, akasema, "Hebu nionyeshe tena ulibonyeza wapi."

Wiki mbili baadaye nikaingia tena kwa Profesa Wei. Swali likawa lile lile. Safari hii niliweka wafalme pembeni. Nikasema mganga wa Misri alianza kwa kutazama, akauliza, akagusa, kisha akaamua moja kati ya matatu: huyu nitamtibu, huyu nitahangaika naye, huyu simuwezi. Alinyoosha mfupa, akaufunga kwa mabanzi na kitambaa cha kitani, na kidonda akakipaka asali na mafuta. Nikasema mganga wa China alitazama uso na ulimi, akasikiliza pumzi, akauliza, ndipo akaweka vidole vitatu kwenye mshipa wa mkono. Nikaongeza kwamba sio yote yalikuwa mazuri: Misri walipaka vidonda mavi ya wanyama, na China wako wafalme waliomeza zebaki ili waishi milele, ikawaua. Profesa akacheka mpaka akakohoa.

"Haya ya mabanzi na vidole unayaeleza kama umeyaona," akasema. "Umeyaona wapi?"

Hapo nikakumbuka dhambi yangu. Tangu sekondari, kila fomu iliyouliza kazi ya baba nimekuwa nikiandika "mkulima". Niliogopa kuchekwa kwamba natoka kwa mganga wa mifupa. Sasa nikasema kwa sauti, "Nyumbani, Profesa. Baba yangu anaunga mifupa ya wapasua mbao."

Nikamweleza habari za yule fundi wa msumeno aliyeangukiwa na gogo kule msituni Sao Hill, mfupa ukatoboa ngozi. Wewe ulikataa kumgusa. Ulisimamisha lori la mbao wampeleke hospitali, watu wakasema nguvu zimekuishia. Leo yule bwana anatembea. Nikasema, "Baba anajua na lile neno la tatu. Anajua kusema huyu simuwezi."

"Alisoma chuo gani?"

"Hakusoma. Aliishia darasa la nne. Alifundishwa na bibi yake."

Profesa alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Hata wale wa kale," akasema, "bila shaka walikuwa na bibi zao."

Matokeo yametoka Ijumaa. Nimekuwa wa kwanza darasani, Baba. Wa kwanza! Nimepiga vigelegele hosteli nzima ikatoka milangoni. Mwezi wa saba narudi, na nitaomba kazi wodi ya mifupa, Iringa au Mbeya, popote watakaponipokea. Nataka nilete madaktari wenzangu wakae nawe kutwa nzima, wajifunze kugusa.

Nisalimieni baba mkubwa Eliasi wa kiwandani, mama mdogo Tumaini anayeongoza kwaya ya akina mama, na shangazi wa Ubaruku. Mwambieni mchele wake nauwaza kila siku nikila huu wa huku. Kaka Yohana aendeshe lori taratibu kwenye milima.

Salamu nyingine inatoka kwa Profesa Wei. Aliniuliza kwetu mtu mzima anayeheshimiwa husalimiwaje, nikamfundisha kwa kilugha chetu cha nyumbani. Jana kanisimamisha kwenye korido, madaktari wote wanasikia, akasema nikufikishie kama alivyoitamka yeye mwenyewe: "Kamwene, Baba."

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Faraja