Redio ya Mama Ngalula

Mujukuu wangu Mado,

Hapa Kapata tuko bazima, na mama yako amepona mafua. Unaniuliza utajikinga namna gani na bale banaonunua redio zako za zamani kwa telefone, kisha banakurudishia zilizokufa ndani.

Mi najua, kwa sababu nilifanya vile. Wakati batu ba Kasai balifukuzwa huku kwetu barudi kwabo, jirani yetu Mama Ngalula, mumoja wabo, aliniuzia redio yake. Nikatoa bipande byake bya ndani, nikaweka bya redio yangu mbovu, nikamurudishia nikisema imekufa. "Tata, jana iliimba," alisema tu. Treni ilikuwa inamungoja, akanirudishia pesa.

Weka alama yako ndani, upige picha kabla ya kufunga. Mama Ngalula hakuweka alama, maana tulikuwa tunaombana chumvi.

Redio yangu ingali inaimba kwa bipande byake. Nikitaka kuiwasha, nafunga mulango kwanza.

Babu yako