Vibati vya Moteri ya Papa

Mama yangu mpenzi,

Kabla ya salamu nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata padri. Sauti ya Papa, baba yetu, nimeisahau. Uso wake ninao, na namna alivyokohoa kabla ya kuanza sala, lakini nikitaka kumsikia akiniita, kinachokuja ni mngurumo wa gari yake, ile koksineli yenye mgongo wa kobe. Ndiyo maana tangu shule ifunguliwe sijakosa uani kwa Mjomba, na ndiyo maana nina hofu ambayo siwezi kuieleza kwa simu. Unanijua mimi na simu: nasema ndiyo, ndiyo, halafu mtandao wa huko kwenu Kirungu unakata nikiwa bado nameza mate.

Sasa nikusalimu vizuri. Goti lako linasemaje na baridi ya huko juu? Maharage yameota? Mdogo wangu Deo ameacha kutoroka kwenda kutazama ng'ombe wa watu wa Pepa? Mimi mwili ni mzima. Katika darasa nimekuwa wa pili, nyuma ya msichana mmoja wa karibu na bandari. Mjomba Gaspari na mke wake wananitunza hapa Kalemie, nashiba ugali na ndagala za ziwani. Usingizi ndio umenikimbia juma hili.

Unakumbuka neno la Shangazi Agnesi siku tulipomzika Papa. Ulikuwa umejifunika kichwa, lakini najua ulisikia. Alisema kwa mila ya ukoo wao gari ni ya mpwa wa marehemu, yaani Kalunga, mwana wa Shangazi mwenyewe, si ya mjane wala ya watoto. Lakini kwa kuwa wewe ndiwe uliyemuuguza kaka yake, atakuachia, kama siku ya kuondoa matanga gari hiyo itambeba yeye mwenyewe kutoka Kalemie hadi mlangoni kwako. Isipofika, Kalunga ataichukua na kuikata iwe vyuma chakavu. Wakati ule moteri ilikuwa vipande vipande chini ya paa la uani hapa kwa Mjomba, tulipolia msiba. Papa aliifungua kabla ya kuugua, hakuifunga tena.

Mjomba ndiye aliyeamua kuifunga. Kazi yake ni moteri za boti, na zile zote zinapozwa na maji ya ziwa. Hii ya Papa haina maji, inapozwa na upepo tu. Kila nikitoka shule navua nguo za shule, navaa ile salopeti ya bluu ya kazi ya Papa, nafungua kitabu chake cha gari hii, cha Kifaransa chenye michoro, na kumsomea Mjomba. Yeye anasikiliza huku akigeuza chuma mkononi.

"Soma polepole, mwalimu," ananiambia. "Chuma hakijui Kifaransa."

Silinda zile zina mapezi pande zote kama samaki, na kati ya pezi na pezi kulikuwa na vumbi na mafuta yaliyoganda. Niliyasugua kwa mswaki na petroli mpaka vidole vikachubuka. Tuliweka ringi mpya kwenye pistoni, tukasaga valvu. Siku tulipofunga nusu mbili za mwili wa moteri, Mjomba hakuruhusu mtu kuongea, hata mke wake aliyekuja kuuliza chumvi iko wapi.

Halafu nilifika kwenye ukurasa wa vibati. Ni mabati membamba yanayozunguka silinda, mengine juu, mengine chini, ili upepo wa feni usipotee. Nilitafuta katika mabeseni yote ya vyuma. Hayakuwepo. Ndipo nikakumbuka nilipoyaona mara ya mwisho. Katika siku za kilio, akina mama waliokuja kuwapikia waombolezaji waliyakuta yamelala uani. Wakayasimamisha kuzunguka moto ili upepo wa ziwa usiuzime, mengine wakayaanikia ndagala. Nani angewauliza, na maiti iko ndani? Ndagala zile nilizila hata mimi.

"Mjomba, vibati havipo."

"Vibati gani?"

Nikamwonyesha mchoro.

"Ah, ile njo mapambo tu. Muntu akisikia joto, unamuvalisha koti?"

"Kitabu kinasema bila vibati upepo unatawanyika, na ule wa moto unarudi kuvutwa tena na feni."

"Kitabu kiliandikwa kwa Wazungu, kule kwenye baridi. Hapa tunaacha wazi, ipumue."

Simcheki, Mama. Mambo mengine yote aliyoyafanya mimi nisingeyaweza. Alisikia kwa sikio tu kwamba valvu moja imekazwa mno, na alipoipima ilikuwa kweli. Lakini juu ya vibati nilijua amekosea, na nikanyamaza, kwa sababu wakati huohuo Kalunga aliingia uani.

"Kumbe masista wa shule yako sasa wanafundisha umakanika," akasema akiitazama salopeti yangu. "Mutoto wa vitabu, andika humo: mwisho wa mwezi, siku ya matanga, nakuja na msumeno."

"Uje nao," Mjomba akamjibu bila kuinua kichwa. "Utatukatia kuni za kupikia wageni."

Wote wawili wakacheka, lakini si kicheko kimoja.

Alhamisi moteri iliwaka. Ilikataa kidogo, ikapiga chafya, ikashika. Majirani walitoka, mke wa Mjomba akapiga vigelegele, Mjomba akacheza rumba peke yake na ufunguo wa boliti mkononi. Mimi nilibaki nyuma, kwenye moteri yenyewe. Harufu ya mafuta yaliyoungua ilianza mapema. Nilidondosha tone la maji juu ya silinda ya tatu, ile iliyofichwa nyuma ya kipozea mafuta, likaruka kama limechapwa.

"Moteri mupya lazima ipate moto," Mjomba akasema. "Itazoea."

Haitazoea. Hapa uani ilikuwa imesimama tu. Fikiria ule mlima wa kupanda kutoka Moba kuja kwako, Kalunga mbele, Shangazi nyuma na mizigo yake. Moteri ikikwama kwenye kona zile, gari inarudi kinyumenyume. Mafuta yakishika moto, nani atamtoa Shangazi, yeye ambaye hata kwenye kiti tunamwinua watu wawili?

Na nikisema, moteri inashushwa tena na siku ya matanga inapita. Kalunga anachukua gari, nawe unaendelea kushusha maharage Moba kwa kichwa, na goti hilo. Mjomba anasema itafika. Kitabu kinasema haifiki. Nimekaa kati ya hao wawili juma zima.

Nisalimie Nyanya, umwambie miwani yangu bado haijavunjika. Nisalimie Deo, na katekista aliyenifundisha kusoma, na dada yako mdogo pamoja na mtoto wake ambaye bado sijamwona. Mke wa Mjomba anakusalimu, anasema kitenge ulichomwachia kimemkaa.

Mama, nimeshaandika salamu na bado sijakuambia nilichofanya.

Ijumaa nilizunguka nyumba za akina mama wale. Vibati vya juu nimevipata, vimepinda lakini vinanyooka. Vile vidogo vya chini vilishakatwa kuziba mbabula zao, majiko ya makaa. Itabidi vichongwe vipya kwa kufuata mchoro, na haviingii mpaka moteri ishushwe. Kabla ya mwisho wa mwezi haiwezekani.

Kisha nilikwenda kwa Shangazi. Nilisimama mlangoni mpaka aliponiuliza kama nimetumwa. Nikamuuliza nani anaweza kusogeza siku ya kuondoa matanga.

"Mujane," akasema. "Muzee haombi, mujomba haombi, mutoto haombi. Mujane akiomba, nani atamukatalia? Lakini atabaki na nguo nyeusi mpaka siku hiyo mupya."

Nikaaga bila kumweleza kwa nini.

Najua unavyoichukia nguo hiyo, Mama. Najua ulivyohesabu siku. Siwezi kuamua kwa ajili yako, na sikutaka wengine waamue ukiwa hujui.

Leo asubuhi Mjomba alipokwenda sokoni, nilifungua kofia ya waya za moto, nikatoa kile kidole kidogo cheusi kinachozunguka ndani na kugawa moto kwa buji za kuwashia petroli. Bila hicho gari haiwaki, na Kalemie sijui kama kipo kingine. Nimekifunga kwenye kitambaa na kukiweka pamoja na barua hii, anayokuletea mama mmoja wa kwaya anayepanda boti ya Moba. Ukitaka twende siku ileile, mpe akirudishe, nami nitapanda pamoja nao. Ukitaka kuomba siku nyingine, mtumie Shangazi neno lako na ukae nacho mpaka vibati vichongwe.

Mjomba aliporudi nilimsubiri kwenye lango nikamwambia yote. Aliweka kapu chini, akakaa juu ya tairi. Nilimwachia kitabu kimefunguliwa kwenye ukurasa wa vibati, nikashuka bandarini kumtafuta yule mama. Mistari hii ya mwisho naiandikia hapa.

Binti yako akupendaye,
Feza