Mgongo wa Winga wa Kushoto

Jumatatu, 7 Juni 1965
Nimekimbia tena asubuhi, njia ya Masinya kwenda na kurudi. Mgongo kimya. Nilijua tu. Miguu kama hii haizaliwi kila mwaka hapa Busia. Jumamosi tunakwenda Tororo, na jezi ya winga wa kushoto ni yangu. Wandera aliivaa nilipokuwa mgonjwa. Aifue, airudishe.

Jumanne, 8 Juni
Mazoezi. Nimefunga goli, nikawatania mabeki mpaka wakanichoka. Halafu nikainama kuokota mpira. Ugonjwa ukarudi. Pale pale kiunoni, kama msumari. Tangu Pasaka unaondoka, narudi uwanjani, nao unarudi. Nikabaki nimeinama, nikajifanya natoa mwiba mguuni. Wakacheka. Nami nikacheka. Naogopa.

Jumatano, 9 Juni
Nimekwenda kwa shangazi Nabwire. Alizaa mapacha, na nani hajui kwamba mguu wa mama wa mapacha ndio dawa ya mgongo? Nikalala kifudifudi mlangoni. Akanikanyaga taratibu, kisigino tu. Nikamwomba akanyage kwa nguvu, kama anakanyaga udongo wa kukandika nyumba, maana Jumamosi iko karibu. Akaondoa mguu.
"Mtoto wa kaka, mimi natoa maumivu. Mgongo mpya sina. Lala mpaka mwezi mwingine uandame."
Nikasema sawa, shangazi. Mwezi gani, na Tororo inaningoja?

Alhamisi, 10 Juni
Hakuna maumivu. Nimeruka mtaro wa sokoni mbele ya wasichana wa ndizi. Mguu wa shangazi si mchezo.

Ijumaa, 11 Juni
Mpira wa juu. Nikajipinda niupige kichwa. Nikaanguka, sikuinuka. Kocha akachuchumaa karibu yangu, hakugomba. Heri angegomba.
"Ule mwiba wako wa Jumanne, kijana, uko kiunoni. Kesho anacheza Wandera."
Walinibeba nyumbani juu ya baiskeli, kama gunia la mihogo.

Jumamosi, 12 Juni
Kabla lori halijaondoka, Wandera alipita kuniuliza habari za beki wa kulia wa Tororo. Nilitaka kumdanganya. Nikamwambia ni mzito kugeuka, ampite kwa ndani. Ni kweli.
Mtaa mzima umehamia Tororo. Hapa tumebaki kuku na mimi, na kuku naye amekwenda zake kwa jirani.
Jioni lori limerudi likiimba. Wimbo ni wangu, niliutunga mwenyewe: Nani kama Ojiambo? Wametoa jina langu, wameweka la Wandera. Limekaa sawasawa. Hakuna aliyeshuka hapa.

Jumapili, 13 Juni
Shangazi amekuja na uji baada ya kanisa. Akanikanyaga taratibu, kisigino tu. Sikumharakisha.
Ameondoka. Mwezi umetoka, mviringo. Kuandama bado sana. Nimeimba ule wimbo kwa sauti ndogo, na jina la Wandera. Nikipaza, mgongo unakataa.