Msimamizi wa Ndoa Yangu Ananikata Fidia ya Kuchelewa

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, maana hata kukaa kitako siwezi, naandika nimesimama jikoni. Nina kampuni ndogo ya programu za kompyuta hapa Novi Sad, na Radivoje, mwenye kiwanda cha maziwa, alinipa kazi ya kumtengenezea mfumo wa kupokea maziwa ya wakulima, naye si mteja tu, ndiye aliyesimamia ndoa yangu na ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu, na mkataba ulisema kila wiki ya kuchelewa atakata fidia kwenye malipo, nikasaini huku nikicheka kwa sababu ni mtu wa nyumbani. Basi kila tukinywa kahawa ananiambia, "Dada, niongezee na ratiba ya malori, kwako hiyo ni kazi ndogo tu," nami naongeza, miezi ikapita, mfumo ukaanza kazi kwa kuchelewa, na sasa amekata nusu ya fedha, nikamwuliza, "Radivoje, si wewe uliyeongeza kazi?" akanijibu kwa methali ya kwetu, "Ndugu ni ndugu, jibini ni kwa pesa."

Mafundi wangu wanataka kuondoka, mume wangu Miodrag ananisihi nimeze tu kwa sababu sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu imekaribia na Radivoje lazima awepo mezani, na mimi, mshauri, bado nina nywila ya mfumo ule, naweza kuuzima nikiwa hapahapa, na jana nilishaiandika, ikabaki kubonyeza tu.

Jasenka

Jasenka, hebu kaa kwanza. Pole, uchungu wako naujua. Lakini ukibonyeza, mshtakiwa ni wewe, na maziwa yatakayochacha ni ya wakulima wasiokukosea lolote. Nani alikudanganya kwamba mkataba na ndugu husainiwa kwa kicheko?

Radivoje naye asijifanye malaika. Anayeongeza kazi hawezi kudai fidia kwa muda ulioliwa na kazi hiyohiyo. Ila umeandika "miezi ikapita" ukaruka haraka. Wiki zilizopotea kwa uzembe wako, zikubali. Mimi si mtoto.

Leo hii mkabidhi nywila. Kusanya kila ujumbe wa simu aliokuagizia nyongeza, mpelekee wakili, aombe usuluhishi. Radivoje ayasikie hayo kinywani mwako kabla ya kuyasikia kwa wakili. Miodrag akisema umeze, mwulize mafundi wako watakula nini. Sikukuu ikifika, mwalike, mkatie mkate wa sikukuu kama kawaida, akigusia mkataba, mwambie, "Hilo lina siku yake." Akisusa kuja kwa sababu umedai haki yako kwa njia halali, kiti chake wakikalie watoto.